Jumanne Aliyoanguka Baker

Katika stendi ya pikipiki ya Bwera, pale njia inapoteremka kwenda Mpondwe, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, mwendeshaji mwanamke alikuwa mmoja tu, Medius Kebirungi. Abiria walimwona, wakampita kama dimbwi, wakaenda kwa mwanamume aliyesimama nyuma yake. Mama mmoja alimwambia waziwazi, "Mutoto wangu, ukianguka na mimi, nani atatuinua?" Miaka miwili Medius alibeba wale waliokosa usafiri mwingine: wenye magunia ya muhogo, walevi, na wagonjwa wasioweza kuchagua.

Ndiyo maana alitaka kujifunza michezo ya pikipiki. Kwao harusi haiendi kanisani kimya kimya; waendeshaji huitangulia kwa honi na michezo. Mwendeshaji naye akifa, wenzake humsindikiza mpaka kaburini kwa honi, matairi ya mbele yakiwa hewani. Anayetangulia msafara hujulikana kutoka mpakani hadi Kasese mjini. Medius alijiambia kwamba siku atakapotangulia yeye, hakuna atakayempita tena.

Aliyekuwa akitangulia siku zote ni Baker Muhindo, mume wa Enid, baba wa mabinti wawili, mkubwa akiitwa Kabugho. Baker alikuwa mtu wa maneno mengi na madaha, lakini hakuwa na roho mbaya. Medius alipomwomba amfundishe, wanaume wa stendi walicheka. Baker hakucheka. Aliishika mikono ya Medius, akaigeuza, akatazama sugu za viganja.

"Mikono iko," alisema. "Tutaona kama na roho iko."

Walikuwa wakienda Munkunyu kila Jumanne, saa nne za asubuhi, abiria wakishapungua. Kulikuwa na uwanja mkavu, mpana, ambako zamani watu walianika pamba. Baker alimfundisha kuachia klachi kidogo kidogo, kuongeza mafuta bila pupa, na kuuweka mguu juu ya breki ya nyuma hata pale moyo unapotaka kuuondoa. Medius alianguka. Alianguka chali, akaanguka ubavu, akachunika kiwiko, akavunja mpini wa breki. Siku moja eksozi ilimbabua shavu la mguu, na Baker akampaka dawa ya meno huku akimsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoungua mara saba.

Sheria ya Baker ilikuwa moja tu. "Ukianguka, simama kabla vumbi haijatulia. Mutu akikuona chini atakuhurumia, na ukihurumiwa umekwisha."

Mwezi wa tatu, Medius aliinua tairi la mbele kutoka nguzo moja ya umeme hadi nyingine. Baker alimkimbilia akipiga mayowe, mikono kichwani, kama mtu aliyefungiwa bao la ushindi. Medius hakuwa amepata kufurahiwa namna ile na mtu yeyote.

Jumanne iliyofuata Baker alitaka kumwonyesha mchezo mpya. Alitundika helmeti kwenye tawi la mchongoma, kwa sababu, alisema, mchezo huu unataka uso uonekane. Akaiondoa pikipiki, akaikaza mwendo, kisha akapanda juu ya kiti kwa miguu miwili, akasimama wima na kutanua mikono. Alikwenda hivyo hatua thelathini hivi. Tairi la mbele likagonga jiwe lisilozidi ngumi ya mtoto. Pikipiki ikapinda kushoto, na Baker akaenda kulia.

Kichwa kilipogonga ardhi, Medius alisikia mlio. Haukuwa mkubwa. Alimkuta Baker amelala ubavu, macho yamefumbwa, mdomo wazi. Alimwita mara moja, mara mbili. Alipomwita mara ya tano, Baker alifumbua macho, akamtazama kama mgeni, kisha akakaa.

"Vumbi imetulia?" aliuliza, akacheka.

"Twende hospitali," Medius alisema. "Ulikuwa umezimia."

"Nani alizimia? Nilikuwa ninapumzika." Alisimama akijishika kwenye bega lake. Hakukuwa na damu, isipokuwa uvimbe kidogo juu ya sikio. Alijipangusa suruali, akavaa helmeti taratibu, akifumba jicho moja ilipopita kwenye uvimbe. "Sikiliza, Medius. Hii usiambie mutu. Wale wa stendi wakisikia mwalimu ameanguka mbele ya mwanafunzi, watanicheka mpaka Krismasi. Na Enid usimuambie kabisa. Ameshanikataza hii michezo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Apa."

Medius aliapa.

Siku ile Baker alibeba abiria hadi mchana, kisha akaenda nyumbani akisema kichwa kinamgonga. Jumatano hakuonekana stendi. Medius alipitia kwake alasiri. Enid alikuwa uani akifua shuka.

"Malaria," Enid alisema. "Imempata jana. Ametapika usiku kucha, taa hataki kuiona. Nimempa dawa, bado haijashika." Alisimama, maji yakimchuruzika mikononi. "Dada, jana si mlikuwa pamoja Munkunyu? Alikuwa aje?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Ndani, Baker alikuwa amelala uso ukielekea uani, macho yake yamemkodolea Medius. Alinyanyua kidole kutoka juu ya blanketi, akakiweka mdomoni.

"Alikuwa mzima," Medius alijibu.

Enid alirudi kwenye beseni lake.

Njia nzima ya kurudi stendi Medius alijitetea mwenyewe. Yeye alikuwa ameanguka mara ngapi, na yuko. Baker mwenyewe alikuwa ameanguka mara ngapi. Malaria ipo, na msimu ulikuwa wa mvua. Na kiapo ni kiapo. Maneno yote yalikuwa na akili, naye aliyarudia mpaka usiku.

Alfajiri ya Alhamisi simu ilimwamsha. Alikuwa Eridadi, mwenyekiti wa stendi. Baker alikuwa anaongea ovyo, hamjui mke wake, na walikuwa wanampeleka hospitali kubwa ya Kasese kwa gari la jirani. Medius aliwasha pikipiki yake, akalifuata gari lile hatua kwa hatua, milima upande wa kushoto imefunikwa na ukungu, baridi ikimpenya hadi mifupani. Barabara ni ndefu mtu akiwa na jambo asilolisema.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukesha. Alimfunua Baker kope, akamulika jicho moja, akamulika la pili, akarudia la kwanza. Kisha akainua uso.

"Huyu aligonga kichwa?"

"Hapana, daktari," Enid alisema. "Ni malaria. Nimempa dawa tangu jana."

"Hakuanguka? Hakupigwa?"

"Hapana, ningejua."

Medius alikuwa amesimama nyuma ya Enid, helmeti mkononi. Sauti iliyotoka aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Alianguka. Jumanne, saa tano kasoro. Alizimia kidogo."

Enid aligeuka. Alimtazama Medius kuanzia miguuni kupanda, polepole, mpaka walipokutana macho.

Daktari alieleza kwa haraka kwamba damu ilikuwa inavujia ndani ya kichwa, ikiubana ubongo. Inatakiwa kutolewa, na hapa hawana wa kuitoa. Ilibidi apelekwe Mbarara. Alikimbia kwenda kutafuta gari la wagonjwa. Gari lilipofika mlangoni, Baker alikuwa amekwisha kukata roho, mkono wake mmoja ukiwa bado ndani ya mikono ya Enid.

"Na angeletwa Jumanne ile?" Enid aliuliza.

"Pengine, mama," daktari alisema. "Sijui. Pengine."

Maziko yalikuwa Jumamosi, kwao Baker, huko Karambi. Waendeshaji walikusanyika zaidi ya sitini, matawi ya mti yamefungwa kwenye pikipiki. Watu wengi walikuwa bado wanasema ni malaria iliyopanda kichwani. Eridadi alimwendea Medius mbele ya wote.

"Wewe ndiye mwanafunzi wake. Tangulia. Umwinulie tairi mwalimu wako."

Lilikuwa jambo ambalo Medius alilitamani miaka miwili. Aliliacha pale pale, akaenda kwa Enid, aliyekuwa amekaa chini kando ya jeneza na mabinti zake. Alipiga magoti.

"Mama Kabugho, wanataka nitangulie. Wewe waniambia nini?"

"Mimi sina la kukuambia," Enid alisema, bila kumtazama. "Waambie wao. Mimi nimechoka kupewa pole ya malaria."

Medius alirudi akawaambia. Alisimama kwenye kigogo, akasema yote: jiwe, kuzimia, kiapo, kidole mdomoni. Alisema Baker ameuliwa na mwanguko ambao baada yake kila mmoja wao angejipangusa suruali na kuendelea. Mtu mmoja nyuma akatema mate, akasema mwanamke ndiye aliyemmaliza, sasa anataka kuhubiri. Eridadi alivua kofia, akaivaa tena.

"Tumesikia," alisema. "Maiti isilale juani. Twende."

Wakaenda, honi zikilia mlima mzima, na matairi ya mbele yakapanda hewani kana kwamba hakuna neno lililosemwa. Medius alikaa nyuma kabisa, magurudumu yote mawili chini. Kwenye kona iliyokaribia kaburi, Onen, mtu mzima wa miaka arobaini ambaye baba yake aliletwa kutoka kaskazini na kazi ya kiwanda cha saruji cha Hima, aliinua pikipiki ikamshinda, ikambwaga kwenye mfereji kandokando ya migomba. Helmeti yake ilikuwa imefungwa kwenye kiti. Alichomoka akicheka, majani kichwani. Wenzake walimpigia honi, wakapita.

Medius alisimamisha pikipiki. "Kaa chini."

"Niko sawa, dada."

"Kaa chini, Onen! Leo siku gani? Nitazame. Umegonga kichwa?"

"Bega tu. Niachie, watazika bila sisi."

"Wazike."

Alimshika shati kwa mikono miwili kama mwizi. Onen alimtukana kwa lugha ya kwao na kwa Kiswahili, akajaribu kujivuta, kisha akaona machozi ya Medius, akakaa kwenye nyasi. Kutoka juu walisikia wimbo wa kanisa, halafu udongo, halafu kimya. Walikaa hivyo hadi waombolezaji walipoanza kuteremka.

Enid alikuja katikati ya wanawake wawili. Alipowafikia alisimama, akamwangalia Onen na mkono wa Medius ulioshika shati.

"Mpeleke kwa daktari," alisema, akaendelea na safari yake.

Medius alimpakia, akateremka naye kwa gia ya pili hadi hospitali ya Bwera. Hawakumkuta na kitu ila bega lililoteguka, na Onen alilalamikia stendi nzima juu ya siku aliyonyimwa maziko ya rafiki yake.

Medius bado yuko stendi ile ile. Siku hizi abiria wanampanda zaidi kuliko zamani, hasa kina mama, maana habari imeenea kwamba yeye huenda polepole. Siku za soko Enid huteremka kwenda Mpondwe na kapu la matunda. Humsalimu Medius kwa adabu, humuuliza na hali ya nyumbani. Kisha hupanda pikipiki ya mtu mwingine.