Feruzi Iliyogeuka Kijani

"Fundi, nibadilishie hili jiwe kabla mume wangu hajaliona," mama mmoja aliniambia, akiweka mkono juu ya meza yangu ya usonara.

Feruzi ya pete yake ilikuwa imegeuka kijani. Mumewe alipomvisha alimwambia kwamba feruzi hupoteza ubuluu mapenzi ya mvaaji yakipoa. "Na haki ya Mungu nampenda," akasema, machozi yakimlengalenga.

Mimi nina hasira za karibu, hasa kwa porojo za mawe. Nikampaka sabuni kidoleni, nikavuta. Pete haikutoka.

"Uliivua lini mara ya mwisho?"

"Niivue? Si alinivisha mwenyewe, miaka thelathini sasa?"

"Basi ndiyo sababu, mama! Feruzi hunywa jasho, mafuta na sabuni. Umepika nayo, umefua nayo, umeogesha watoto nayo. Inayobaki buluu ni ile isiyovaliwa. Nenda kamwonyeshe!"

Akaondoka analia huku anacheka.

Feruzi ya mke wangu ilikuwa bado buluu. Ilikuwa kabatini, maana mimi, bingwa wa mawe, nilikuwa nimemkataza kuivaa asije akaiharibu.

Siku hiyo nilifunga duka mapema. Nilimkuta mke wangu anaosha vyombo, nikaitoa pete kabatini, nikamvisha, mkono wake ukiwa bado na povu.