Gemu ya Watoto Wawili

Appolinaire alichukua nafasi yangu ya redio, na mimi ndiye niliyemfundisha kucheza gemu.

Mwaka 2012 nilikuwa na kibanda cha gemu Juru, kambini kwetu wakimbizi: televisheni moja, betri ya sola, mabenchi manne. Wengi hawajui Kiingereza, kwa hiyo mmoja anacheza, nami nasimama kando nikiwatafsiria hadithi kwa sauti. Jumamosi watu walikuja kunisikia mimi. Kisha Appolinaire akarudi kutoka shule Mbarara, akaanza kuwauliza baada ya mchezo walijisikiaje kumuua yule au kumwacha huyu. Wakawa wanabaki naye mpaka jioni. Mabenchi yangu, mdomo wake.

Siku moja akaja Rwakabuba, mtu wa redio moja ya Mbarara, akitafuta wa kuchambua gemu dakika kumi kila wiki. Akatuwekea gemu niliyokwisha kuimaliza mara tano: mto umefurika, mtumbwi una nafasi ya mtoto mmoja, na wewe unao wawili.

"Sema," akaniambia.

"Picha safi, vitufe vyepesi. Kwa dakika arobaini unaimaliza."

"Na wewe?"

"Miye nashindwa kubonyeza," Appolinaire akasema. "Gemu haikuambie kama ulifanya muzuri ao mubaya. Inakuachia tu ile muzigo, unaenda kulala nayo."

Watu wakaiacha televisheni, wakamgeukia yeye. Mimi hawakuwahi kunigeukia hivyo. Nikaona wivu.

"Gemu ni vidole," nikasema. "Mambo ya roho peleka kanisani, mwalimu."

Wachache wakacheka. Appolinaire akanigeukia bila hasira, akaniita yaya, kama wanavyoitwa wakubwa kwetu.

"Yaya, juu ya nini kila mara unachukua mukubwa? Sijakuona hata siku moja ukichukua mudogo."

Jibu nilikuwa nalo tangu 1996, kwenye mto Ruzizi, tulipokimbia Uvira nikiwa nimewashika mkono wadogo zangu wawili, nikamvusha mmoja.

"Mkubwa ana mbio zaidi," nikasema.

Rwakabuba akafunga daftari lake.

Sasa ni 2015. Nilipoteza dakika kumi za redio kila wiki. Nilipoteza Appolinaire, ambaye hajaingia tena kibandani. Nilipoteza watu wa Jumamosi, wanaomsikiliza kwenye simu zao. Na Natanaeli, yule mdogo niliyemwacha Ruzizi, jina lake sijalitaja mbele ya mtu.