Kura ya Mdomo ya Lemuel Haskins

Lemuel Haskins alikuwa kwenye foleni ya kura, na bado watu saba walikuwa mbele yake. Huko Virginia, mwaka 1799, kura ni ya mdomo: unasimama mbele ya sherifu, unataja jina, karani anaandika, na wagombea wenyewe wamekaa pale mezani wanakukodolea macho. Jamani, hiyo ni kura au ni kuvuliwa nguo hadharani?

Mdogo wake, Micajah, alikuwa rumande mwezi wa pili sasa. Alilewa akasema Rais anataka kujifanya mfalme, na sheria mpya ya Mafederali, chama cha Rais huyo, haina mchezo na maneno kama hayo. Shahidi alikuwa mmoja tu, Kanali Pendry, mgombea wa Mafederali. Jana alimvuta Lemuel pembeni.

"Nitaje mimi, nami nitasahau nilichosikia. Usiponitaja, nina kumbukumbu nzuri sana."

Lakini akina Haskins ni Warepublikan, wapinzani wa Mafederali, wa kufa na kupona. Micajah aliapa kwamba Haskins atakayemtaja Mfederali si ndugu yake tena.

"Songa, Lem!" jirani alimsukuma, kikombe cha wiski mkononi. "Au umesahau jina la Thornley, mgombea wetu?"

Watu wakacheka. Foleni ikasonga hadi zamu yake.

"Lemuel Haskins," sherifu aliita. "Unampa nani?"

Lemuel akanong'ona.

"Kanali Pendry."

"Paza sauti, bwana, karani hajasikia!"

"Kanali Pendry!"

Uwanja ukalipuka. "Msaliti!" "Umehongwa nini, wewe?"

Kanali akainuka, akainamisha kichwa. "Nakushukuru, Bwana Haskins," akasema, kama desturi ilivyo. Kisha akaandika mistari miwili taratibu, kwamba yeye hakumsikia Micajah akisema lolote, akampa.

Tabitha, mke wa Micajah, alikuwa kando ya uzio na mtoto mkononi. Lemuel alimkabidhi karatasi bila kumtazama.

"Nitukane tu, shemeji."

"Nikutukane ya nini? Mwenyewe atakuja kukutukana." Akaangua kilio huku anacheka. "Kesho yuko nyumbani, Lem!"

Kesho. Lemuel alifurahi, naam, hata machozi yalimlengalenga. Ila jina lake lilikuwa limeshaandikwa katika daftari ambalo yeyote anaweza kulifungua, na sasa aliogopa kuliko alivyoogopa kwenye foleni. Micajah angeingia mlangoni, na hata kofia hajavua, angeuliza: "Kaka, ulimtaja nani?"