Kitufe cha Ngungu

Siku ile Kasoki alijiamini kupita kiasi, na nani angemlaumu? Saa ya kompyuta aliyoiandika kwa Python, lugha ya programu, nyuma ya duka la baba yake hapo mjini Sake, mashariki mwa Kongo, ilionekana ukutani mwa ukumbi wa parokia ikishuka toka thelathini hadi sufuri, namba kubwa nyekundu, ikipendeza kweli. Yalikuwa mashindano ya maswali: huku watoto wa Sake, kule watoto waliokimbia vita toka Ngungu. Kila timu na kitufe chake. Anayebonyeza kwanza, jina la timu yake linawaka, anajibu.

Swali la kwanza, saa ikaanza. Muhawenimana, msichana wa Ngungu, akabonyeza. Kimya. Akakipiga kitufe kwa ngumi. Namba zikashuka tu mpaka sufuri.

Baba yake Muhawenimana, Papa Kanyamibwa, akasimama. "Hii mashini iko ya watu wa Sake! Tulifukuzwa kwetu, na hapa tena watoto wetu hawasikiwe? " Akamgeukia mkewe: "Mama Athanasie, chukua watoto, twende!"

Mabenchi yakaanza kukwaruza sakafu. Maneno ya namna hii, wakati wa vita, hayaishii ukumbini. Wakiondoka hivi, nani atawarudisha?

Kasoki akainamia ordinateri, kompyuta yake, na lo, kosa hilo hapo! Alikuwa ameiambia programu: andika namba, lala sekunde moja, andika tena. Nayo ikilala, inalala yote, pamoja na masikio. Nyumbani alikaa akizitazama namba na kuzipenda; hakuwahi kubonyeza kitufe saa ikitembea.

Angeweza kusingizia waya. Aibu ilimchoma, lakini akasimama.

"Papa, haiko inachagua muntu. Saa ikitembea, haisikie muntu hata mumoja. Ni mimi njo niliandika mubaya. Kuja ubonyeze ya Sake."

Saa ikawashwa tena. Kanyamibwa akabonyeza kitufe cha Sake. Kimya vilevile. Akaguna, akaketi pembeni ya benchi, bado na kofia kichwani.

Kasoki akafuta ule usingizi. Sasa saa ilihesabu bila kulala, na vitufe vikabaki macho.

Msoma maswali akauliza: "Mto gani unatoka Ziwa Kivu?"

NGUNGU! Jina liliwaka ukutani, huku namba zikishuka. Muhawenimana alishtuka hadi akasahau yote.

"Kongo!" akapiga kelele.

Ukumbi mzima ulicheka, Sake na Ngungu pamoja. Papa Kanyamibwa alivua kofia, akaipunga juu, machozi ya furaha yakimtoka.

"Umekosa, mutoto wangu! Wote wamesikia unakosa!"