Karatasi za Gari na Mgeni wa Ngazini

Nyumba ya Bi Morfydd Howells ilikuwa tupu tangu Februari, alipozikwa. Mwishoni mwa Aprili wanawe wawili, Nerys na mdogo wake Huw, walirudi humo kutafuta karatasi.

Wazo lilikuwa la Huw. Kila alipofungua redio alisikia habari ya fidia za mikopo ya magari: watu walikuwa wamekopeshwa kwa riba kubwa kuliko ilivyopaswa, kwa sababu kadiri muuzaji alivyopandisha riba ndivyo kampuni ya mkopo ilivyomzidishia kamisheni kimyakimya, na mnunuzi asiambiwe kitu. Hata marehemu alikuwa na haki yake, warithi wangeweza kumdaia. Na Huw alikumbuka lile gari dogo jekundu. Mama alilinunua kwa mkopo mwaka ambao baba yao alilazwa hospitali ya Llantrisant, maana basi la kwenda huko lilikuwa limefutwa na yeye hakutaka siku ipite bila kumwona mumewe.

Kampuni ya mkopo iliwajibu kwamba kumbukumbu za miaka ile hazikuwa kamili. Wakipata mkataba wenyewe, mambo yangekuwa mepesi.

"Mkataba wenyewe," Nerys alisema, huku akisukuma mlango uliovimba kwa mvua. "Kwa Mama. Tutaanzia wapi?"

"Kwenye unga," alisema Huw.

Hakuwa anatania. Katika miaka yake ya mwisho, akili ilipoanza kumponyoka, Mama alikuwa akificha kila kitu chenye maandishi. Bili ya gesi walishaikuta ndani ya mkebe wa unga. Cheti cha ndoa kilikuwa kwenye foronya, kimeshonewa kwa uzi mweupe. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa akielekeza kidevu upande wa ngazi na kushusha sauti.

"Yule bwana asizione."

Ngazi zenyewe zilianzia sebuleni, pembeni, bila ukuta wala mlango. Aliyeketi juu yake aliona sebule yote, na jiko kupitia uwazi wa mlango, na mlango wa mbele. Huko ndiko Mama alikosema kuna bwana mmoja anayekuja kukaa. Daktari alisema ni ugonjwa, wazee wengi huona watu. Huw alimwita mpangaji. "Mpangaji wako analipa kodi, Mama?" alikuwa akimuuliza, na Mama hakucheka hata mara moja.

Walitafuta asubuhi nzima. Huw alivua mbao za chini ya bafu, akatoa kadi za Krismasi zilizofungwa kwa soksi. Nerys alisogeza jiko la gesi, akapata vitabu vya benki na picha ya baba yao akiwa askari. Kila alipopanda kwenda vyumbani alisikia zulia la ngazi likinong'ona chini ya viatu vyake, kama mtu anayefunua kurasa polepole. Alidhani ni uchakavu. Hata hivyo akawa anapanda haraka na kushuka haraka, akishika ukuta, na hakumwambia Huw.

Mchana Huw alichoka. "Nakwenda kuleta samaki na chipsi. Ukimwona mpangaji, muulize yeye. Amekaa humu muda mrefu kuliko sisi."

"Nenda zako."

Mlango ulipofungwa, nyumba ikatulia kwa namna asiyoipenda. Mvua ilikuwa ikiteleza juu ya paa la bati la banda la makaa nyuma ya nyumba. Nerys alisimama katikati ya sebule, akatazama vitu walivyokwisha kuvipata, vimepangwa juu ya meza. Mkebe wa unga ulikuwa ukikaa nyuma ya mlango wa jiko. Vitabu vya benki, nyuma ya jiko la gesi. Kadi, chini ya bafu. Mama hakuwa akificha ovyo. Alikuwa ameficha kila kitu mahali ambapo mtu aliyeketi ngazini asingeweza kupaona.

Ndipo Nerys alipofanya jambo ambalo asingelifanya kama Huw angekuwepo. Alikwenda akaketi ngazini, kwenye kipandio cha nne, magoti pamoja, mikono mapajani, akatazama nyumba ya mama yake kwa macho ya yule bwana.

Aliona kiti cha Mama. Kilikuwa kimegeuzwa, kimezipa ngazi mgongo. Miaka yote alidhani Mama alikigeuza apate mwanga wa dirisha.

Akahisi baridi begani, upande wa ukutani. Kisha kipandio cha juu yake kikashuka kidogo kwa uzito na kulia, kama kinavyolia mtu akikaa. Hakugeuka. Alijua kwamba akigeuka ama ataona kitu, ama hataona, na yote mawili hakuyataka. Alibaki kutazama kile kiti hadi wazo likamjia: huku akiona kila kitu, yule bwana asingeweza kuona kilicho chini ya miguu yake mwenyewe.

Alipiga magoti kwenye kipandio cha chini, akaingiza vidole pembeni mwa zulia. Misumari ilikuwa imelegea, ilitoka kama meno ya mtoto. Chini ya zulia, karatasi zilikuwa zimelazwa moja moja, kipandio kwa kipandio, zimenyooshwa vizuri na kubanwa. Ukurasa wa kwanza wa mkataba ulikuwa chini kabisa. Mama alikuwa ameukanyaga kila siku, kwenda kulala na kuamka, ugonjwa wake wote.

Nerys aliendelea kufunua akipanda. Alipofika kipandio cha tano, kile kilicholia, alisema kwa sauti ndogo, "Samahani, naomba nipite," kisha akaona haya kwa kusema hivyo. Chini ya zulia hapo palikuwa na ukurasa wa mwisho. Ulikuwa na saini ya Mama, herufi zake za shule ya kanisani, na kando yake jina la muuzaji: D. Parfitt.

Huw aliporudi na mfuko wa chipsi, alimkuta dada yake amesimama nje kwenye mvua, karatasi kazikumbatia ndani ya koti.

"Umezipata," alisema. "Mbona uko nje?"

"Twende kwa Anti Meinir. Tukale huko."

Anti Meinir alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Ndiye aliyekuwa na ufunguo, na ndiye aliyekuwa akiingia kila jioni kuangalia kama Morfydd amekula. Aliwapokea na chai na vikeki vya zabibu vilivyotoka tu kwenye kikaango cha chuma, akalalamika juu ya harufu ya samaki, kisha naye akala chipsi. Nerys alimwekea ukurasa wa mwisho mbele yake.

"Anti, unamjua huyu?"

Meinir alivaa miwani. Alitazama jina kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Denzil," alisema. "Denzil Parfitt. Alikuwa akiuza magari kule chini, barabara ya Tonypandy. Alikuwa na sauti nzuri ya besi, tukiimba naye kanisani."

"Yuko wapi sasa?"

"Kaburini, mwanangu. Alianguka bafuni kwake, Krismasi ile kabla ya korona."

Huw aliacha kutafuna. "Na Mama alianza lini kumwona mpangaji?"

"Januari iliyofuata," alisema Meinir. "Ona sasa, na utani wako huo wa mpangaji."

Meinir akamimina chai ambayo hakuna aliyeiomba.

"Alinieleza anavyofanana," aliendelea. "Bwana mwenye tai ya kijani, anakaa ngazini na kusugua goti la kushoto. Denzil aliumizwa goti lile kwenye raga, tangu ujana. Kanisani hakuweza kusimama wimbo mzima, alikuwa akitoka kwenda kukaa kwenye ngazi za nje. Nilimjua kwa goti, kabla hata mama yenu hajamaliza kusema."

"Mama alijua kwamba amekufa?" Nerys aliuliza.

"Hakujua. Alikuwa hatoki tena, gazeti hasomi. Nami sikumwambia."

"Wala sisi hukutuambia."

"Niwaambie nini? Kwamba mama yenu anatembelewa na Denzil Parfitt? Huyu Huw angenipeleka hospitali nikalale kitanda kimoja na mama yenu."

Huw alitaka kucheka, ikashindikana. "Alikuwa anataka nini kwake?"

Meinir alivua miwani na kuifuta kwa pindo la sweta.

"Karatasi. Morfydd alidhani amekuja na karatasi nyingine za kusaini, ndiyo maana akazificha hizi. Alikuwa akimwambia, 'Nimeshasaini, bwana, nenda kwako.' Lakini siku moja nilimkuta amekaa kwenye kile kiti, amempa mgongo, mikono masikioni. Nikamuuliza, Morfydd, vipi? Akaniambia, 'Anasema kuna kitu hakunieleza siku ile. Anataka nizilete karatasi anionyeshe. Mimi sitaki kusikia.'"

Mvua ilikuwa imekatika. Upande wa pili wa ukuta, kwa Mama, palikuwa kimya. Wote watatu walikuwa wakiusikiliza ule ukuta, na kila mmoja alijifanya anakunywa chai.

Mwezi wa Mei Nerys alipigiwa simu na mwanamke mmoja wa kampuni ya mkopo, mwenye sauti ya watu wa kaskazini, mpole, anayejua kazi yake. Mkataba ulikuwa umewafikia. Yalibaki maswali machache.

"Je, marehemu aliwahi kukueleza kama muuzaji alimwambia habari ya kamisheni?"

"Hakumwambia."

"Una uhakika?"

"Hakumwambia siku ya kununua. Baadaye alijaribu."

"Alijaribu? Alimfuata?"

"Alikuwa akija nyumbani kwake."

Nerys alisikia vidole vikigonga kwenye kompyuta. Angeweza kunyamaza hapo. Lakini tangu siku ile alikuwa amechoka kubeba jambo hili, na sauti ya mwanamke yule ilikuwa ya mtu asiyemjua, ambaye hatamwona kamwe.

"Mara ya mwisho mama yako kuonana naye ilikuwa lini, kwa unavyofahamu?"

"Februari hii. Wiki moja kabla ya kufa."

"Basi tunaweza kumpata, atupe maelezo yake. Unayo anwani?"

"Alifariki. Krismasi, kabla ya korona."

Vidole vikasimama. Nerys alisikia watu wengine wakiongea kwa mbali katika ofisi ile, na mmoja akicheka.

"Februari hii, umesema."

"Ndiyo."

Mwanamke alivuta pumzi. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, kama anayeongea huku amegeukia ukutani. "Bibi yangu pia alikuwa na mtu wake," alisema. "Kwenye kabati." Kisha akakohoa, akarudia sauti ya kazini. "Nitaandika kwamba tarehe haijulikani. Pole kwa msiba, Bi Nerys. Jibu litakuja kwa posta."

Lilikuja Agosti. Madai yalikubaliwa. Barua haikuandikwa kwa Nerys wala kwa Huw, ilimwandikia mteja wao kana kwamba bado yuko kwenye kiti chake: Mpendwa Bi Morfydd Howells. Ilisema hakuelezwa jambo alilostahili kuelezwa, na kwamba wanamwomba radhi.

Siku ya kukabidhi funguo kwa wakala, Huw alibaki kwenye gari, injini inawaka. Tangu Aprili hakuwa ameingia ndani zaidi ya mkeka wa mlangoni. Nerys aliingia peke yake. Samani zilikwisha kuondoka, ngazi zilibaki mbao tupu. Alisimama chini yake, akafungua barua, akaisoma kwa sauti tangu jina la mama yake hadi saini ya chini, bila haraka, akitamka vizuri lile neno la kamisheni. Alipomaliza alingoja kidogo. Kisha akatoka na kufunga mlango.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Huw aliuliza.

"Na Mama," alisema Nerys, akafunga mkanda.

Haikuwa kweli yote, na Huw alijua. Alitia gia, akashuka bonde taratibu, wala hakuuliza tena.