Nzuri, Daktari

Nyaya tatu zilikuwa zimegandishwa kwa mafuta mazito kwenye kichwa cha Anande, kilichonyolewa asubuhi hiyo kwa wembe. Mbele yake, kwenye kioo cha kompyuta, ndege ndogo ilipaa, ikayumba, ikadondoka.

"Ubongo ukitulia, ndege inapaa," alisema Daktari Derick. "Ubongo unajifundisha wenyewe, kifafa kinakosa pa kukaa. Ulaya huko vidonge walishaacha."

Susana alikaa ukingoni mwa kochi, viatu vyenye udongo wa kijijini Akheri kavificha chini ya kanga. Ng'ombe wake wa maziwa ndiye aliyewafikisha hapa mjini, Kimandolu. Zizi sasa lilikuwa tupu na majirani walishalisema mpaka wakachoka. Vidonge vya zahanati vilikuwa vya kubahatisha, mwezi huu vipo, ujao hakuna. Lakini vikiwepo mtoto alikuwa haanguki. Daktari Derick alivikataza: vinaichanganya mashine.

Akasogeza kinasa sauti. "Haya Mama Anande, za mtoto?"

"Nzuri, daktari."

Ndivyo anavyojibu mtu aliyelelewa. Hata kukiwa na maiti ndani, unaanza na nzuri, kisha ndiyo unatoa habari yenyewe.

"Ila juzi alianguka tena, na jana..."

Kinasa sauti kilishazimwa. "Safi sana! Mama wa asubuhi naye kasema nzuri. Wote nzuri. Sasa nani atasema mashine haiponyi?"

"Vile vidonge, daktari... nilikuwa naomba nimpe hata kimoja kimoja."

"Mama, aliyesoma hapa ni nani?"

"Ni wewe, baba."

Wiki ile ile, Susana akiwa mgombani anakata ndizi za jioni, Anande aliangukia jikoni, uso katikati ya mafiga. Hakukuwa na mtu wa kumvuta.

Msibani watu walijaa mpaka kwenye shamba la kahawa. Akheri hawamwachi mtu alie peke yake. Wanawake walimenya ndizi huku wakimenya na habari za zizi, za kunyolewa kwa mtoto, za huyo daktari na viatu vyake vya kung'aa. Sadoki, shemeji yake Susana, alipandisha sauti ya redio.

"Nyamazeni, tangazo letu!"

Jina la Anande likasomwa, na saa ya mazishi. Kisha muziki mchangamfu wa tangazo la biashara, na sauti ya mwanamume: "Haya Mama Anande, za mtoto?"

"Nzuri, daktari."

Visu vikasimama. Sadoki akahangaika na vitufe, redio ikazidi kupiga kelele.

Agnela, jirani wa ng'ambo ya mfereji, akamsogelea Susana mpaka mabega yakagusana. Binti yake naye huanguka.

"Pole, mwenzangu. Hapo Kimandolu mtu anashukia wapi?"

Susana akamtazama.

"Usinielewe vibaya. Labda wako ulichelewa kumpeleka. Wangu bado mdogo, na mtamba wa kuuza tunao."

Susana akafungua mdomo. Mlangoni wageni wengine walikuwa wakivua viatu.

"Poleni jamani. Habari za hapa?"

"Nzuri," nyumba nzima ikaitika.