Mkato wa Kushoto

Fundi alizima cherehani, akavua futi kamba shingoni, akamwambia mdogo wake, "Vaa viatu. Tunakwenda kwa shangazi sasa hivi."

"Dada, yule mgonjwa. Tusimsumbue na mambo ya usichana wetu."

"Ndiyo maana tunakwenda leo. Akifa, mimi nitabaki mharibifu milele."

Kikulacho ki nguoni mwako, na hawa wawili walilelewa katikati ya nguo. Shangazi yao, fundi wa kuogopwa, ndiye aliyewafunza kazi. Siku moja gauni la bibi harusi likakutwa limekatwa vibaya, halifai hata kufutia vumbi. Mdogo alinyamaza kimya kama maji mtungini, mkubwa akabebeshwa lawama na kufukuzwa. Sasa ana mvi na duka lake mwenyewe, lakini kila akinusa pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi hukumbuka vicheko vya karakana ile, na roho humuuma. Leo, katikati ya chai, mdogo mtu ndipo alipolitapika: gauni alilikata yeye.

Walimkuta shangazi kitini, dirishani, amekonda. Mdogo alisema macho yakiwa chini, "Shangazi, lile gauni nililiharibu mimi."

Shangazi hakushtuka. "Najua. Mkasi ulianzia kushoto, na mwenye shoto alikuwa wewe tu."

Fundi alimsogelea. Kumbe waliomkosea ni wawili. "Sasa mimi ulinifukuzia nini?"

"Mwenye gauni alitaka mtu afukuzwe. Nilijua wewe ukitoka utasimama. Huyu angepotea."

"Nililia, shangazi. Nililia mpaka nikachoka."

"Nilikukosea. Nisamehe, mwanangu."

Hasira zilimpanda fundi, na zilikuwa haki yake. Akaelekea mlangoni. Lakini jicho la kazi halina adabu: alipogeuka mara ya mwisho aliona upindo wa gauni la shangazi umefumuka, unaburura sakafuni. Na huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akiwafokea kwa uzi mmoja uliolegea.

Akachomoa sindano kwenye kola yake, akarudi, akapiga magoti.

"Kaa tuli. Sijamaliza kukasirika, lakini hutavaa hivi nami nipo."

Alishona hadi katikati ya upindo, kisha akamnyooshea mdogo wake sindano.

"Malizia," alisema. "Kwa mkono wako uleule."